Nilikuwa bingwa wa tenisi, mbona watoto hawanielewi?

*"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Mwanza, nina miaka 36. Tenisi niliianza kama muokota mipira, nikawa bingwa wa mkoa kwa miaka kadhaa, hadi bega la kulia liliponistaafisha. Tangu mwaka jana wazazi wameniomba niwafundishe watoto wao, Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwenye uwanja mmoja tunaoukodi. Walianza 18, wa miaka 7 hadi 13. Sasa wanakuja 9 au 10. Nawaonyesha pigo lilivyo, nalirudia mara nyingi, lakini hawashiki. Nikiwachezesha mechi nawafunga 6-0 ili wajue kiwango kilivyo, wengine wanalia. Nahisi watoto wa siku hizi hawana moyo. Mzazi mmoja amesema hadharani kwamba mabingwa hawawezi kufundisha, wakati mwenzake anasema bingwa hahitaji cheti. Yupo binti mmoja wa miaka 12, anatumia mkono wa kushoto, ana kipaji kweli, nataka nimpeleke mashindano. Je, nina sifa za kuwa kocha? Niache kazi yangu ya ofisini nifanye hii tu? Na bega bado linaniuma nikipiga sevu."*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa bega.

Nianze na neno lako kwamba watoto wa siku hizi hawana moyo, maana hapo ndipo sikubaliani nawe kabisa. Mtoto wa miaka minane anayekatisha usingizi wa Jumamosi, akapanda daladala kutoka Igoma au Buzuruga na raketi ya kuazima, moyo anao. Hata yule anayelia baada ya kufungwa 6-0 analia kwa sababu anao. Hao wanane au tisa walioacha kuja hawakuikimbia tenisi. Waliondoka kwa sababu katika dakika walizokuwa uwanjani hawakupata nafasi ya kuicheza.

Fanya hesabu hii. Watoto 18, uwanja mmoja, mtu mmoja anayerusha mipira, dakika 90. Gawanya: kila mtoto anapata dakika tano za kupiga mpira na dakika 85 za kusimama kwenye foleni juani. Toa muda wako wa kuonyesha pigo na muda wa kuokota mipira, zinabaki dakika tatu. Mimi nawe tuliokota mipira utotoni, na kilichotufundisha ni zile saa ambazo wakubwa wameondoka uwanjani, tukagongeana na raketi mbovu mpaka giza likaingia. Hakuna aliyetupanga mstari. Mtoto hujifunza tenisi kwa kuupiga mpira ambao mwenzake ameurudisha, na kwa kuamua mwenyewe aupeleke wapi.

Sasa tuje kwenye lile linalokusumbua zaidi: kwa nini unaonyesha pigo zuri, wanalitazama, na bado hawalishiki.

Ulipokuwa unajifunza fohandi, lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, kila kitu kilikuwa kwenye mawazo: mguu huu mbele, bega ligeuke, raketi ishuke, macho kwenye mpira. Ulikuwa mzito na unachelewa. Baada ya maelfu ya marudio, kazi ile ilitoka kwenye sehemu ya akili inayotumia maneno ikahamia kwenye sehemu inayotenda bila kuuliza. Haina budi kuhama. Sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, ikiwa ya kilomita 200 kwa saa hufika upande wa pili kwa takriban nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo mpokeaji hana muda wa kujisemesha. Anayefikiria kiwiko chake tayari ameshapitwa. Ndiyo maana mchezaji aliyekomaa anaonekana kama hafikirii: ujuzi wake umezama.

Ujuzi ukizama hivyo, mwenyewe hauoni tena. Mtoto akikuuliza "Kocha, unafanyaje?", unamjibu kile unachoamini kwamba unafanya, na mara nyingi sicho unachofanya. Mfano mmoja unatosha. Wachezaji wengi wa zamani huwaambia wanafunzi wauviringishe mkono juu ya mpira ule wakati raketi inapougusa, ili mpira upate mzunguko wa mbele. Wanasema kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndivyo wanavyohisi. Lakini mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuamua jambo na kulitimiza katika muda huo. Kamera za mwendo wa polepole zinaonyesha kwamba mzunguko unatokana na njia ya raketi kabla ya kugusa: inatoka chini ya mpira na kupanda. Mkono kugeuka ni matokeo yanayokuja baadaye. Kwa hiyo mtoto anayefuata agizo la bingwa neno kwa neno anaupeleka mpira wavuni, na bingwa anamwona hasikii.

Wewe husemi uongo, wala watoto si wazito. Tatizo ni kwamba unasimulia safari ambayo hatua zake za mwanzo zimefutika kichwani mwako. Kuwa kocha ni kazi ya kuzirudisha hatua hizo moja moja, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kushinda.

Njia ya haraka ninayoijua ya kuzirudisha ni hii: jifunze upya kwa mkono wa kushoto. Sisemi kwa mzaha. Kwa wiki chache gonga ukutani kwa mkono wa kushoto tu, dakika 15 kila unapopata nafasi. Utagundua kwamba huwezi, kisha utagundua ni nini hasa huwezi: umbali wa kusimama, wakati wa kuanza kugeuka, mahali pa kukutana na mpira. Yaandike, maana hayo ndiyo masomo ya watoto wako, na kwa mpangilio wake halisi. Bega la kulia nalo litapumzika. Halafu mwombe mtu akuchukue video kwa simu ukipiga kwa mkono wa kulia taratibu, uipunguze mwendo, ulinganishe na maneno unayowaambia watoto. Utakuta baadhi ya maneno ni ya kutupa.

Badili pia namna ya kuagiza. Ukimwambia mtoto "kunja kiwiko, geuza kiuno, usilegeze kifundo", unamrudisha kwenye mawazo yale yanayochelewesha. Watafiti wa namna watu wanavyojifunza mwendo wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akielekeza akili kwenye kitu cha nje, yaani mpira, shabaha au kamba, kuliko kwenye viungo vyake. Funga kamba mita moja hivi juu ya wavu, useme: "Pitisha mpira juu ya kamba, udondoke ndani ya duara lile." Mwili wa mtoto utatafuta wenyewe raketi ianzie chini. Usiongeze neno. Najua kunyamaza ni kugumu kwa mtu anayejua mengi, lakini jaribu.

Bado hatujaufikia mpira wenyewe, na pengine huo peke yake unaeleza nusu ya matatizo yako.

Mpira wa kawaida wa njano, ukiangushwa kutoka sentimita 254, kanuni zinautaka uruke kati ya sentimita 135 na 147. Mtoto wa miaka minane ana urefu wa sentimita 125 hivi. Mpira wa mkubwa unaporuka vizuri, yeye unampita mabegani au kichwani. Afanye nini? Anabadilisha mshiko ili aufikie juu, anarudi nyuma na kuegemea kisigino, anapiga huku anajikinga. Wewe unaona mshiko mbaya na unausahihisha, yeye anaona mpira unaomjia usoni. Shirikisho la Tenisi Duniani, ITF, lililiona hilo, na tangu 2012 mpira wa njano wa kawaida hauruhusiwi kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kuna mpira mwekundu ambao mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75 hivi, wa rangi ya chungwa pungufu kwa nusu, na wa kijani pungufu kwa robo. Wadogo kabisa wanacheza kwenye kiwanja cha mita 11 na wavu wa sentimita 80, badala ya kile cha mita 23.77.

Mwanza jambo hili lina uzito wa ziada. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mji uko juu yake kidogo, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo mpira unakimbia zaidi. ITF ina aina maalumu ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na ninyi mko karibu sana na mpaka huo. Ongeza upepo wa ziwani unaoanza kuvuma jua likishapanda. Umefanya vizuri kuchagua asubuhi, usihamishie alasiri hata wazazi wakikuomba.

Utaniuliza mipira myekundu utaipata wapi. Ikipatikana kupitia chama cha tenisi, vizuri. Isipopatikana, tumia mipira ya njano iliyochoka, ile ambayo ukiibonyeza inaingia ndani na ambayo wachezaji wa klabu wanaitupa. Kwa mtu mzima imekufa, kwa mtoto ndiyo kwanza inafaa, kwa sababu hairuki juu. Waombe wachezaji wakuwekee badala ya kuitupa. Na nyavu ndogo usinunue: nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba uombe vipande vya nyavu kuukuu za uvuvi, uvifunge kwenye vigingi viwili. Uwanja mmoja wa tenisi, ukigawanywa kwa upana, unatoa viwanja vidogo vinne. Weka watoto wanne kwenye kila kimoja, wawili wanagongeana, wawili wanaobaki wahesabu pointi za wenzao kwa sauti, kisha wapokezane. Foleni imekwisha. Zile dakika tano zimekuwa arobaini au zaidi, na wewe huna kikapu cha kurusha. Unazunguka, unatazama, unasema neno moja hapa na moja pale. Kwa mtu aliyezoea kuwa katikati ya uwanja huenda ukajihisi huna kazi, lakini kocha anafanya kazi yake kubwa zaidi anapotazama.

Kuhusu mechi za 6-0, ziache leo. Mtoto wa miaka tisa hajifunzi kiwango kwa kufungwa na bingwa wa mkoa, anajifunza kwamba hata afanye nini pointi haiji. Nadhani pia, na nalisema kwa upendo, kwamba zile 6-0 zinakupa wewe kitu ulichokikosa tangu bega likatae. Mtu aliyezoea kushinda kila wiki hawezi kuacha bila kuumia moyoni, na maumivu hayo hutafuta pa kutokea. Yapeleke kwingine. Tafuta wazee wenzako, ucheze nao mechi za wawili kwa wawili, ambako sevu haihitaji nguvu nyingi. Ukiwa na watoto, cheza hivi: wao wakirudisha mpira mara tatu mfululizo wamepata pointi, wewe mpira wako lazima udondoke ndani ya kiboksi cha sevu. Utaona sura zao.

Sasa wale wazazi wawili. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo inayowapotosha.

Anayesema mabingwa hawawezi kufundisha amesahau mengi. Juan Carlos Ferrero wa Hispania alishinda mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 2003 na kuwa namba moja duniani mwaka huohuo. Mwaka 2018 akamchukua Carlos Alcaraz, kijana wa miaka 15, na mwaka 2022 kijana huyo akashinda mashindano ya wazi ya Marekani na kuwa namba moja akiwa na miaka 19. Boris Becker, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1985 akiwa na miaka 17, alimfundisha Novak Djokovic kuanzia mwisho wa 2013 hadi mwisho wa 2016, na mataji makubwa sita, yaani ya yale mashindano manne makuu ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, yakapatikana.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ivan Lendl. Alichukua mataji makubwa manane, lakini kabla ya la kwanza, mwaka 1984, alikuwa amepoteza fainali nne kubwa za kwanza alizocheza. Watu walishaanza kusema hana moyo wa fainali. Mwishoni mwa 2011 Andy Murray wa Uingereza akamwita awe kocha wake. Murray tayari alikuwa amepoteza fainali tatu kubwa, na Julai 2012 akapoteza ya nne Wimbledon, akalia mbele ya umati. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kocha alikuwa mtu aliyepita njia ileile hatua kwa hatua. Wiki chache baadaye Murray akapata dhahabu ya Olimpiki, Septemba akashinda Marekani, na mwaka 2013 akashinda Wimbledon, Mwingereza wa kwanza kushinda taji la wanaume la mmoja mmoja huko tangu 1936. Kufundisha namna ya kupiga mpira wapo wengi wangeweza. Lendl alikuwa na kumbukumbu ya kushindwa mara nne na kuendelea.

Ninakuomba ulifikirie hilo kwa upande wako. Katika barua yako umetaja ubingwa, hukutaja mechi hata moja uliyopoteza. Hizo ndizo zitakazokufaa. Mtoto akitoka uwanjani machozi yakimlengalenga, kombe lako la mkoa halimsaidii kitu, ila ukimwambia ulivyofungwa na mtu fulani uliyemdharau, na ulifanya nini Jumatatu iliyofuata, hilo atalibeba.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Toni Nadal hakuwahi kutamba kama mchezaji, lakini ndiye aliyemlea mpwa wake Rafael kisiwani Mallorca tangu akiwa mtoto mdogo mpaka mwaka 2017, na mataji makubwa 16. Nick Bollettieri wa Marekani hakuwa mchezaji wa kutajwa, na shule aliyoianzisha Florida mwaka 1978 ilitoa mabingwa. Hapa Afrika, Ons Jabeur wa Tunisia alipofika fainali ya Wimbledon mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufika huko katika zama hizi za wachezaji wa kulipwa, kocha wake alikuwa Issam Jellali, Mtunisia mwenzake ambaye kama mchezaji hakufika mbali.

Ukiiweka mifano hii pamoja utaona jambo moja ambalo wazazi wako hawakulitaja. Lendl na Becker walipokea watu wazima waliokwisha kukamilika, wakawaongezea kile kidogo kilichobaki. Toni Nadal alipokea mtoto. Wewe unapokea watoto, kwa hiyo wa kumwiga ni huyo wa pili. Ubingwa wako utawavuta wazazi na kukupa heshima ya siku za mwanzo. Kuanzia mwezi wa pili mtoto habaki kwa sababu ya jina lako, anabaki kwa sababu wiki hii ameweza kitu ambacho wiki iliyopita hakukiweza.

Kwa hiyo sifa za kuwa kocha unazo za kuanzia, na cheti unakihitaji. Siupuuzi ujuzi wako. Mafunzo ya ITF yanapitia chama cha taifa, TTA, na ngazi ya kwanza inahusu hasa watoto na wanaoanza, yaani kazi uliyonayo mkononi. Wakati unasubiri nafasi, ITF ina masomo mtandaoni, mengine ya bure, unaweza kuyaanza jioni kwa simu. Tena mko na bahati ambayo mikoa mingine haina: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani kwenu. Si chuo cha tenisi, lakini namna ya kupanga somo, ukuaji wa mtoto na huduma ya kwanza ni zilezile kwa kila mchezo. Nenda ana kwa ana, ulizia kozi fupi. Kocha wa mpira wa miguu au wa netiboli anayejua kupanga somo la watoto 30 atakufundisha zaidi ya bingwa mwenzako.

Kazi ya ofisini usiiache sasa. Chukua daftari, andika watoto wanaolipa kwa uhakika, si waliojiandikisha. Toa kodi ya uwanja, nyuzi, mipira, nauli yako. Kisha futa wikiendi za mvua za masika na za vuli, ambazo uwanja utakuwa umelowa, na futa Desemba, ambapo familia nyingi zinasafiri kwenda kwao. Kinachobaki kilinganishe na mshahara, ukikumbuka bima ya afya na akiba ya uzeeni inayokatwa kazini. Kwa watoto kumi wa mwisho wa wiki, jibu utaliona mwenyewe. Siku utakapokuwa na shule mbili au tatu zenye mkataba wa maandishi katikati ya wiki, na msaidizi anayeweza kushika somo ukiumwa, tuzungumze tena. Mwombe mwajiri wako kwanza kama unaweza kutoka mapema siku moja kwa wiki. Wengi hukubali kuliko tunavyodhani.

Jambo moja hukuliuliza nami siwezi kuliacha. Unashika watoto wa watu. Asiwepo mtoto anayebaki na mtu mzima mmoja peke yake, awe wewe au msaidizi, uwanjani, garini au chumba cha kubadilishia nguo. Pawe na mzazi mmoja wa zamu kila somo. Ukitaka kumshika mtoto mkono kumwonyesha mshiko, mwombe ruhusa kwanza, mbele ya wenzake, na asipotaka mwonyeshe kwa raketi yako. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi. Ukiona au kuambiwa jambo la kutia shaka juu ya mtoto, namba ya simu kwa mtoto ni 116, na haitozi. Wazazi wakiona utaratibu huu umeandikwa na kubandikwa, watakuamini zaidi ya kombe lolote.

Bega lako siwezi kulitibu kwa maandishi, na wewe usilitibu kwa dawa ya kuchua pekee. Maumivu ya sevu mara nyingi yanatoka kwenye kano za misuli midogo inayolishikilia fupa la mkono ndani ya kifuko chake. Kwa miaka ya kupiga juu ya kichwa, kano hizo huchakaa au kubanwa, na misuli ya nyuma ya bega hukaza. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya tiba yanayosimamiwa, yanayochukua miezi, bila upasuaji. Lakini kama maumivu yanakuamsha usiku unapolilalia, kama huwezi kuinua mkono kuchukua kitu kwenye rafu, kama mkono unakufa ganzi au umepungua nguvu ghafla, nenda hospitali wiki hii. Bugando wapo madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya tiba. Waambie wazi kwamba unafundisha tenisi, ulianza lini kuumia, na ni sehemu gani ya sevu inayouma, mkono ukiwa nyuma au baada ya kupiga, maana hilo linawasaidia kujua pa kutafuta. Mpaka hapo usiwapigie watoto sevu. Mipira warushie kwa mkono kutoka chini, tena karibu, wanaipokea vizuri zaidi.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu ndiye atakayekutia haraka. Anayetumia kushoto ana faida ya kweli, wapinzani wengi hawajazoea mzunguko unaokuja kutoka upande huo. Na njia ya kwenda mbali kutoka ukanda wetu ipo: Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alishinda Wimbledon ya wasichana kwa mechi za wawili mwaka 2022, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Mashindano ya vijana ya Afrika Mashariki chini ya miaka 14 yapo, na jina linapelekwa na TTA, hivyo anza kwa kumpeleka kwenye mashindano ya vijana ya ndani ambako viongozi wa chama watamwona. Lakini usimjaze. Madaktari wa michezo wanashauri saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, kwa hiyo kwake 12 ni mwisho kabisa, pamoja na mechi. Ana miaka ya kurefuka haraka, mifupa yake bado ina sehemu laini za kukua, na maumivu ya goti, kisigino au mgongo kwake si ya kuvumilia bali ni ya kupeleka hospitali. Akiendelea pia na netiboli au riadha shuleni, mwache.

Itafika siku atahitaji wa kugongeana naye walio bora kuliko waliopo Mwanza, labda Dar es Salaam, labda Nairobi. Jiandae kumwachia mwingine wakati huo ukifika, na mwambie mama yake mapema kwamba unalijua hilo. Lakini kabla ya fomu yoyote ya mashindano, kaa nao wawili, na umuulize binti mwenyewe kama anataka kwenda. Akisema bado, msubiri.